Kumbikumbi wa Maganda ya Kitunguu

Jumapili ndiyo siku ambayo wafanyakazi wengi wa mjini hukutana na watoto wao mchana. Siku nyingine baba hutoka watoto wangali wamelala, na hurudi wakiwa wamekwisha kula. Kwa hiyo Jumapili inapowadia, wengi wetu hudhani kwamba deni la siku sita hulipwa kwa kununua kitu: gari la plastiki, mwanasesere mwenye nywele za manjano, au bunduki inayolia. Juma moja likipita, gari halina magurudumu, mwanasesere hana mkono, na mtoto anadai kingine. Sisemi kwamba ni vibaya kumnunulia mtoto kitu. Ninachotaka kueleza leo ni mchezo mwingine ulioingia nyumbani kwangu, Kimandolu. Mchezo ambao haukunigharimu hata senti moja, lakini ulikaribia kunikosesha vyumba viwili vya kupangisha.

Mchezo wenyewe ni kutengeneza wadudu. Nyuki, panzi, kerengende, kipepeo na dundu, wote hutengenezwa kwa maganda makavu ya mgomba, mabua ya mahindi, mbegu na majani. Huenda mtu mzima akacheka na kusema kwamba hiyo si kazi, ni upuuzi wa watoto. Namwomba avumilie kidogo.

Kwa asiyepajua, Kimandolu ni kata ya Jiji la Arusha iliyo upande wa mashariki, kuelekea Moshi. Wazee wetu walipajua kuwa mahali pa migomba na kahawa, sehemu ya mashamba yaliyofunika miteremko ya chini ya Mlima Meru. Mlima ungalipo. Asubuhi isiyo na mawingu kilele chake, chenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, huonekana wazi juu ya mapaa ya mabati. Lakini migomba imepungua. Mashamba yaligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, kisha yakauzwa vipande vipande, na kila kipande kikazungushiwa ukuta wa matofali. Kiwanja chetu ni mabaki ya shamba la marehemu baba yangu. Nyuma ya nyumba yamesalia mashina matatu ya migomba, mistari miwili ya mahindi, mkahawa mmoja mzee, na mjakaranda ulio mpakani, ambao miezi ya Oktoba na Novemba hutandika ua wote maua ya zambarau.

Mama yangu anaishi nasi. Wanangu humwita Koko, kama ilivyo desturi ya Waarusha kumwita bibi. Yeye ndiye aliyeuanzisha mchezo huu, na aliuanzisha kwa sababu ya woga wa binti yangu wa pili, mtoto wa miaka minane.

Binti huyu alikuwa akiogopa kila kilicho na mabawa. Alikuwa mkimya pia, na ripoti yake ya shule ilileta maneno yale yale kila muhula: hashiriki darasani. Mwaka jana masika yalipoanza, kumbikumbi walitoka ardhini jioni moja, wakaijaza taa ya barazani. Wenzake walikimbilia mabakuli, yeye akakimbilia uvunguni mwa kitanda. Siku ya pili yake nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa mkekani na bibi yake. Mbele yao palikuwa na rundo la maganda ya vitunguu. Koko alikuwa amesokota kipande cha ganda la mgomba kikawa mwili, akachomeka vijiti sita vyembamba vya fagio vikawa miguu, na kwa ganda la kitunguu, lile jembamba linalopitisha mwanga, akakata mabawa manne yaliyolingana. Alikuwa kumbikumbi hasa. Lakini kila binti alipomnyanyua, mabawa yalianguka.

"Koko, mabawa yake yanatoka!" alilalamika.

"Ndivyo inavyopasa, mjukuu wangu," mama akamjibu. "Hukuona asubuhi pale mlangoni? Mabawa yametapakaa, wenyewe hawapo. Kumbikumbi akishatua huyaacha, akaingia ardhini kujenga nyumba yake."

Mtoto alinyamaza kidogo. Kisha akatoka kwenda mlangoni, akachuchumaa, akaokota bawa moja kwa ncha ya kidole akalitazama dhidi ya mwanga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akigusa kitu kilichotoka kwa mdudu.

Tangu siku hiyo mama aliweka sharti moja tu: mdudu usiyemtazama humtengenezi. Anayetaka kutengeneza nyuki sharti kwanza asimame kando ya maua, mbali kiasi cha kutoumwa, amtazame nyuki. Akirudi aeleze ameona nini. Ana miguu mingapi? Mabawa mangapi? Vipapasio vyake viko wapi? Asiyeweza kueleza hurudi nje.

Nitaeleza jinsi wanavyofanya, ili mzazi anayependa aweze kujaribu. Bua kavu la mahindi ndilo mbao yetu. Ganda lake la nje huchanwa kwa kisu likatoa nyuzi ngumu zinazofaa kwa miguu na misumari. Kiini chake chepesi hukatwa vipande vikawa kichwa, kifua na tumbo. Nyuki hufungwa kwa vipande vyembamba, kimoja cha ganda jeusi la mgomba na kimoja cha ganda jeupe la mahindi, hadi milia ionekane. Mabawa yake ni mbegu za jakaranda, kwa sababu kila mbegu imezungukwa na utando mwepesi kama karatasi. Huchaguliwa mbegu mbili kubwa na mbili ndogo, maana mabawa ya mbele ya nyuki ni makubwa kuliko ya nyuma.

Kifuko kikavu cha jakaranda, kile cha mviringo kinachofunguka mara mbili kama kombe, kinafaa kwa dundu. Kila upande hukatwa na kulainishwa ukawa gamba la mgongoni, na chini yake hufichwa mabawa ya ganda la kitunguu. Wanangu hawakuwa wakijua kwamba gamba lile gumu la dundu nalo ni mabawa, ambayo yamegeuka kuwa ngao ya kuyalinda mabawa mengine ya kurukia. Kerengende hupewa mwili mrefu wa uzi wa bua, macho mawili ya pilipili manga, na mabawa manne yaliyonyooshwa pembeni, kwa sababu hata akitua hayakunji mgongoni. Panzi ni kazi ya mwenye subira, kwani miguu yake ya nyuma lazima ikunjwe bila kuvunjika. Vunjajungu, yule ambaye zamani tuliambiwa kwamba ukimgusa utavunja chungu kitakachofuata mkononi mwako, hutambulikana kwa mikono yake ya mbele iliyokunjwa kama ya mtu anayesali. Gundi yetu ni unga wa ngano uliopikwa na maji mpaka ukashika.

Siku moja kijana wangu mkubwa alileta buibui mzuri sana, mwenye miguu sita. Binti yangu alimchukua, akamhesabu miguu, akamrudishia. "Kaka, huyu hajakamilika. Buibui ana miguu minane. Tena hana kiuno cha mdudu. Mwili wake ni sehemu mbili tu." Kaka yake alibisha. Wakatoka wote wawili hadi kwenye kona ya jiko, wakahesabu. Jioni ile buibui aliongezewa miguu miwili. Nilikuwa nimekaa barazani nikinywa chai, nami nikajiambia kwamba mtoto asiyeshiriki darasani ameshiriki hapa.

Kabla sijaendelea, yapo mambo ambayo mzazi lazima ayajue. Si kila mbegu nzuri ni salama. Mbegu ya mbono ina madoadoa na umbo la kupe, na mtoto ataipenda upesi. Lakini ina sumu kali. Mbegu nyekundu ya mturituri yenye doa jeusi, ambayo pia huvutia kutungwa shanga, ni hatari vilevile ikitafunwa. Hizi zisiingie kabisa mikononi mwa watoto. Mnyaa, ule mmea wa kuzungushia maboma ambao Wamasai huuita emanyara na ambao Ziwa Manyara husemekana limepata jina kwake, una utomvu unaoweza kudhuru macho vibaya. Usikatwe kwa ajili ya mchezo. Utomvu wa mgomba hauui, ila huacha doa lisilotoka nguoni, basi wavae nguo kuukuu. Kisu kishikwe na mkubwa. Na mdudu aliye hai aachwe aende zake.

Sharti hili la mwisho nalitilia mkazo. Huko Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, wako mafundi wanaotengeneza picha kwa kubandika mabawa halisi ya vipepeo, na picha hizo hupendeza. Lakini mtoto anayefundishwa kumtazama mdudu ili amwige kwa ganda la mgomba hahitaji kumng'oa bawa. Akikosea kipimo, anatupa ganda, na kipepeo bado yuko juu ya ua.

Sasa nifike kwenye vile vyumba viwili. Kijana wangu mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Ada ya shule za sekondari za Serikali ilikwisha kufutwa tangu mwaka 2016, lakini mzazi yeyote anajua kwamba ada siyo gharama yote: ziko sare, madaftari, godoro, sanduku na nauli. Mshahara wa kiwandani haukutosha. Mimi na mwenzangu tulikubaliana kujenga vyumba viwili nyuma ya nyumba, maana wapangaji Kimandolu hawakosekani. Ili vyumba vipatikane, mashina yote matatu ya migomba yangeondoka, na mahindi pia, na mjakaranda ungekatwa kwa kuwa mizizi yake ingesumbua msingi. Nikanunua saruji kidogo kidogo. Siku fundi aliposema kwamba nondo zinaletwa kesho, mwanangu mdogo alikesha akizisubiri kwa hamu, akidhani ni wale nondo wanaozunguka taa usiku. Akalia alipoona zimeshushwa fito za chuma.

Mama hakusema neno. Ardhi ile aliilima tangu alipoolewa, naye angeweza kusema mengi. Mwenzangu alisema kwa uwazi, na maneno yake yalikuwa na haki: "Baba watoto, wadudu hawalipi kodi ya nyumba. Mtoto akirudishwa kwa kukosa godoro, utampeleka na panzi?" Sikuwa na jibu, wala leo sina jibu litakalomtosheleza kila mtu.

Jioni moja kabla ya kazi kuanza, binti yangu aliniletea daftari. Mtoto huyu ambaye kuandika kwake kulikuwa kwa kulazimishwa, alikuwa amejaza kurasa kadhaa kwa penseli. Kila mdudu alikuwa na mstari wake: jina, au kama hajui jina, sura yake, miguu, mabawa, na mahali alipoonekana. Aliorodhesha aina 23. Nilizisoma zote. Kati ya hizo, 14 zilikuwa zimeandikwa mahali pamoja: mgombani, mahindini, kwenye mkahawa au chini ya mjakaranda. Hakuniomba kitu. Aliuliza tu, "Baba, wakikata, nitawahamishia wapi kwenye orodha?"

Nilikaa na daftari lile mpaka taa ikazimwa. Nilifikiri juu ya godoro, na juu ya mama yangu aliyenyamaza. Nilifikiri pia kwamba hapa kwetu mali imekuwa ikipimwa kwa chumba kimoja zaidi, na kwamba mtu wa mwisho kukata mgomba wake hatajua kuwa yeye ndiye wa mwisho. Asubuhi nilizungumza na mwenzangu, tukabishana, tukazungumza tena. Mwishowe tulijenga chumba kimoja, upande wa mahindi. Shina moja la mgomba liliondoka. Mawili yalibaki, pamoja na mkahawa na mjakaranda. Godoro lilinunuliwa kwa mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa, na mkopo huo tunaulipa bado. Kila mwisho wa mwezi, kodi inapoingia ya chumba kimoja badala ya viwili, mwenzangu hunitazama, nami naelewa analofikiri.

Nisiseme kwamba mtoto amekuwa hodari ghafula. Ripoti ya muhula uliofuata ilisema tena kwamba hashiriki darasani. Ila daftari sasa limefika aina 31, na amekwisha kuomba jingine.

Watu huuliza, mdudu ana faida gani mpaka mtoto apewe muda wa kumtazama? Jibu lipo hapa hapa penye milima yetu. Mkahawa wa arabika unaweza kujichavusha wenyewe, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu kahawa ya Kilimanjaro ulionyesha kwamba nyuki wakiifikia maua yake, matunda huwa na uzito zaidi. Mkulima anayejua tofauti ya nyuki na bungua, yule anayetoboa mashina, hunyunyiza dawa kwa akili. Asiyejua huua rafiki na adui kwa pampu moja. Katika milima ya Usambara, wanavijiji wa Amani walijifunza kufuga vipepeo na kuwauza wakiwa bado ndani ya vifukofuko, ili waonyeshwe katika nchi za ng'ambo. Fedha zile zilisaidia familia na kuwapa watu sababu ya kuutunza msitu, kwa kuwa kila aina ya kiwavi hutaka majani yake maalumu. Mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, biashara hiyo ilipata pigo kubwa. Hata hivyo, elimu waliyoipata wale wafugaji, ya kujua kiwavi gani hula jani gani, haikuzuiwa na mtu. Ilipatikana kwa kutazama.

Hapa Arusha tuna sababu ya ziada ya kulikumbuka jambo hili. Mwaka 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio lililobeba jina la mji wetu, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mtoto na kazi wala na mazingira ya nyumbani kwake. Kuna mengi ya kujadiliana juu ya namna waraka ule ulivyotekelezwa. Lakini fikra kwamba mkono na akili vifundishwe pamoja haijachakaa. Mtoto anayekata bawa mara nne, akalitupa mara tatu kwa kuwa halilingani na la kweli, amejifunza kipimo, amejifunza subira, na amejifunza kutojidanganya.

Yawapasa wazazi wa mjini wasingoje shule ifanye kila kitu. Asiye na mgomba anaweza kuomba maganda sokoni, kwa wanaouza ndizi. Maganda ya vitunguu yapo katika kila jiko. Mabua ya mahindi baada ya mavuno hutupwa. Vifuko vya jakaranda huangushwa na upepo kandokando ya barabara, wala hakuna atakayekudai kwa kuviokota. Aliye na kiwanja, hata kiwe kidogo namna gani, na aache kona moja isiyomwagiwa saruji: shina moja la mgomba, maua machache, kopo la maji lililopandwa boga. Wadudu watakuja wenyewe, hawahitaji mwaliko.

Kisha, mzazi, kaa chini mkekani. Usimwelekeze mtoto sana. Mwache atoke akatazame, arudi akueleze, nawe umuulize lile swali moja la mama yangu: ana miguu mingapi? Ikiwa hajui, mwende pamoja mkahesabu.